Ndoo ya uyoga kutoka zizi la zamani

Saa nne kasoro robo usiku simu iliita. Alikuwa kijana niliyemfundisha baiolojia miaka ya nyuma, sasa ni fundi pikipiki kijijini kwao, pembezoni mwa msitu wa kupandwa wa Sao Hill, upande wa Mafinga. Hata shikamoo aliisahau. "Mwalimu, nyumbani kwa kaka wanatapika wote. Wamekula uyoga."

Nilimkatiza kabla hajaanza kunieleza ulivyopikwa. Wamekula saa ngapi? Wameanza kutapika saa ngapi? Na je, umebaki wowote ambao haujaingia chunguni?

Walikula saa moja na nusu. Baba wa nyumba alianza kutapika saa tatu na nusu, watoto wawili wakafuata ndani ya dakika chache, mama akabaki na tumbo la kusokota. Uyoga ulikuwa umebaki: vichwa vinne kwenye ndoo, vimewekwa kwa ajili ya kesho. Nikamwambia wawapeleke kituo cha afya usiku uleule, ndoo isimwagwe, na maganda ya jalalani yasiguswe mpaka nifike.

"Bibi ameshawapa maziwa, mwalimu."

"Basi yaishie hapo hapo."

Sababu ya kuanza na saa ni hii. Uyoga unaoua watu wengi kuliko mwingine wote duniani, Amanita phalloides na ndugu zake weupe, una sumu inayokwenda kwenye ini, na haina haraka. Mtu anakula, analala, anaamka salama. Kutapika na kuhara huanza baada ya saa sita, mara nyingi kumi na mbili, wakati mwingine karibu siku nzima. Halafu anapata nafuu, watu wanamshukuru Mungu, wanarudi mashambani, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano. Kichwa kimoja kinaweza kumuua mtu mzima, na sumu ile haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Kwa hiyo nilipohesabu na kuona zimepita saa mbili tu tangu wale, nilipumua kidogo. Anayetapika mapema hivyo kwa kawaida amekutana na uyoga unaochokoza tumbo, nao wengi wao hauui mtu aliyepewa maji ya kutosha.

Nilipumua kidogo tu, maana muuguzi wa zamu, nilipofika na pikipiki nimelowa mpaka soksi, aliniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijaliuliza: "Mwalimu, ulikuwa uyoga wa aina moja au aina mbili?"

Swali lake lilikuwa na maana kubwa. Chungu kimoja kikiwa na uyoga wa kutapisha pamoja na ule wa ini, huu wa kwanza utapiga kelele saa tatu usiku na ule wa pili utanyamaza mpaka kesho asubuhi. Mgonjwa atatapika, atatulia, ataruhusiwa, na atarudi akiwa amechelewa. Kutapika mapema ni dalili njema pale tu unapojua kwamba chungu kilikuwa na kitu kimoja. Sisi hatukujua.

Mle ndani mjadala mwingine ulikuwa unaendelea. Februari ni kilele cha ulanzi, pombe ya mianzi, na baba wa nyumba alikuwa ametoka kilabuni na ulanzi wake tumboni kabla ya kula. Majirani waliokuja kusindikiza walishatoa hukumu: ulanzi umechacha, uyoga unasingiziwa. Dhana hii si ya kuchekwa. Upo uyoga ambao ukiula na pombe unapata uso mwekundu, moyo kwenda mbio na kutapika, na ukiula bila pombe huoni chochote. Kofia zake zikizeeka huyeyuka na kuwa wino mweusi. Lakini mtoto wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka sita hawakunywa ulanzi, na ndio waliokuwa hoi kuliko baba yao. Wote watatu waliwekewa dripu. Nikachukua ndoo.

Vichwa vinne. Vitatu bado vichanga, vya mviringo kama mwisho wa rungu, na kimoja kimeshafunguka, upana kama sahani ya chai. Rangi ni nyeupe ya maziwa, na juu katikati kuna magamba ya kahawia, mengi kwenye kilele, machache kadiri unavyoshuka pembeni. Chini ya kofia kuna matamvua, yaani vile vijani vyembamba vilivyopangana kama kurasa, meupe kabisa kwenye vichanga, na kwenye kile kilichofunguka meupe ya kuchafuka ambayo kwa mwanga wa taa ya betri sikuweza kuyapa jina. Pete nene ilikuwa shinani. Na shina lenyewe lilikuwa limekatwa kwa kisu, safi, vidole vitatu chini ya pete.

Hapo nilikasirika, ingawa sikuwa na wa kumkasirikia. Kila mtu huku anakata. Ukikata, udongo hauingii ndooni, na mboga inakuwa rahisi kuosha. Lakini nusu ya kitambulisho cha uyoga mweupe wenye pete iko chini ya ardhi. Ukoo wa Amanita huzaliwa ndani ya ganda kama yai. Kofia ikipasua ganda na kupanda juu, kwa jamii ya ule unaoua hubaki kifuko kimezunguka kitako cha shina, mara nyingi kimezama udongoni. Ukikata juu, kifuko kinabaki shambani, na unachobeba nyumbani ni uyoga mweupe wenye pete kama wengine wengi.

Mama alikuwa na nguvu za kuzungumza, nikakaa naye. Amezaliwa Chunya, ameolewa huku miaka minne iliyopita. Uyoga anaujua, wala hakuwa akibahatisha: kwao, mvua zikianza, wanawake huingia kwenye miombo na kurudi na ndoo zilizojaa, mwingine wa kula, mwingine wa kuanika, mwingine wa kupanga kwenye masado kando ya barabara. Alinieleza uyoga mweupe mkubwa wenye pete ambao mama yake alimfundisha kuchuma chini ya miyombo na mikusu. Kwa maelezo yake niliona akilini Amanita mmoja wa miombo, mboga inayoheshimika sana katika nchi za miombo, Zambia na Malawi pia. Ni Amanita kweli, una pete, una hata kifuko, na unaliwa. Mgeni wa Ulaya akiuona ataukimbia. Mwanamke wa Chunya anautofautisha na wengine kwa miaka aliyoishi nao, bila kitabu.

"Huu ulikuwa chini ya mti gani?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Haukuwa chini ya mti, mwalimu. Pale kwenye majani, msitu unapoishia. Lilikuwa zizi la ng'ombe zamani."

Jibu hilo ndilo lililofungua kisa, ingawa ilinichukua mpaka asubuhi kulitumia vizuri. Uyoga kama ule wa kwao hauoti peke yake. Nyuzi za kuvu huvika ncha za mizizi ya mti, zikaupa maji na madini, nao mti ukazipa sukari. Bila myombo au mti wa jamii hiyo, uyoga ule haupo. Kwa hiyo mtu anayesema "huu ni ule wetu wa kwetu" anasema, bila kujua, kwamba mti wa kwao upo pale. Pale hapakuwa na myombo. Palikuwa na misindano (mipaini) iliyotoka Mexico, milingoti ya Australia, na majani.

Na misindano haikuja peke yake. Miti ikihamishwa, kuvu za mizizini husafiri nayo. Ndiyo maana kwenye mashamba ya misindano ya Afrika Mashariki na Kusini utaukuta uyoga mwekundu wenye vidoti vyeupe, ambao babu zetu hawakuwa na jina lake kwa sababu haukuwepo. Amanita phalloides wenyewe, wa asili ya Ulaya, umeshafika Afrika Kusini, Australia na California kwa njia hiyohiyo. Mjini Canberra, Januari 2012, watu wawili walikufa kwa kuula. Uyoga huo ukiwa mchanga unafanana mno na ule wa mabua ya mpunga unaoliwa sana Asia, na ndivyo unavyowapata wahamiaji wanaojua uyoga wa kwao. Niliufikiria mkasa huo nikiwa nimeishika ndoo, na sikumwambia mama.

Tukarudi nyumbani kwao, mimi na kijana wangu, kuchambua jalala kwa tochi. Mvua ilikuwa imekatika. Maganda yalikuwa mengi: mama alikuwa amemenya ngozi ya juu ya kila kofia, na ngozi hizo zote zilikuwa na magamba ya kahawia. Vipande vya pete pia. Halafu, katikati, nikakuta ngozi tofauti, ya rangi ya hudhurungi, inateleza kama kamasi, na chini yake hakuna matamvua bali sponji ya njano.

Aina mbili, basi. Muuguzi alikuwa ameona mbali.

Kijana akakiri kwa niaba ya mpwa wake: mtoto alikuwa ameokota "wa sponji" chini ya misindano akauchanganya na wa mama yake. Huo niliujua bila shida. Ni Suillus, mwandani wa misindano popote iendapo. Unaliwa sehemu nyingi, ingawa usipomenya ngozi ile inayoteleza unaweza kukuharisha. La muhimu zaidi, hakuna uyoga wa sponji unaojulikana kuwa na ile sumu ya ini. Ukawekwa kando. Nilichunguza kila ganda, moja moja, kama mtu anayechagua mchele wenye mawe, na sikuona aina ya tatu. Lakini niliyoyaona ni yaliyotupwa, na yaliyoliwa sikuyaona.

Saa sita usiku nilitega kipimo ambacho hakigharimu hata shilingi. Nilikata shina la kile kichwa kilichofunguka karibu kabisa na kofia, nikakilaza kifudifudi juu ya karatasi, nusu ikiwa juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya jalada jeusi la daftari, nikakifunika na bakuli. Kofia iliyokomaa huangusha spora, yaani mbegu zake, usiku kucha, ni vumbi laini kuliko unga wa muhogo, na rangi ya vumbi hilo haidanganyi kama rangi ya kofia inavyodanganya. Mvua inaweza kupausha kofia na kuosha vidoti vya Amanita vyote. Vumbi la Amanita linabaki jeupe. La uyoga wa kichuguu ni la waridi iliyopauka. La ule wa mabua ya mpunga ni la waridi iliyokolea, na laiti wale wa Canberra wangelitega.

Saa kumi usiku niliinua bakuli. Juu ya jalada jeusi kulikuwa na mistari kama miale ya jua, na kwa tochi niliiona nyeupe. Nakiri nilikaa chini. Nilipiga simu kituo cha afya nikasema kwamba kwa sasa wasiruhusu mtu kuondoka, kwa sababu yoyote ile.

Kulipokucha, mwanga wa jua ulipoingia dirishani, niliangalia ile nusu ya karatasi nyeupe. Mistari haikuwa nyeupe. Ilikuwa kijani, kijani cha kufifia kama majani ya chai yaliyokauka. Tochi ya simu ilikuwa imenidanganya, na weusi wa jalada ukaisaidia. Tangu siku hiyo sisomi vumbi la uyoga kabla jua halijatoka.

Kati ya uyoga mkubwa mweupe wenye pete na magamba, anayejulikana sana kwa vumbi la kijani ni mmoja: Chlorophyllum molybdites. Jina lake la kwanza ni Kigiriki, maana yake jani la kijani, na majani yenyewe ni yale matamvua, ambayo hugeuka rangi uyoga ukizeeka. Ukiwa mchanga matamvua ni meupe kama ya uyoga wowote, na ndiyo hali aliyouchuma mama. Unaota kwenye nyasi, viwanja vya mpira, bustani, mazizi, katika nchi za joto karibu zote, na hauhitaji mti. Marekani ndio unaotajwa mara nyingi kuliko mwingine katika taarifa za watu waliodhurika kwa uyoga. Hutapisha na kuharisha vibaya sana kati ya saa moja na tatu baada ya kula, na kwa mtoto hatari yake kubwa ni kupungukiwa maji mwilini. Wapo wanaoula wasipate kitu, hasa ukiwa umepikwa ukaiva kabisa, na hilo ndilo linaloufanya uaminiwe na mtu mmoja na umlaze mwingine. Mama aliniambia baadaye kwamba jioni ile mkaa ulikuwa umeloa, uyoga akaugeuzageuza tu kwenye mafuta, akamwagia karanga, akapakua.

Ulibaki mzizi wa shina. Saa moja asubuhi bibi, mama mzaa baba, alinipeleka zizini. Tuliamkiana kwa kamwene, salamu ya huku, akatangulia na fimbo yake, kimya. Pale kwenye majani uyoga ulikuwa umejipanga upinde, karibu robo ya duara, vichwa kumi na kitu. Nilichimba vitatu kwa jembe dogo, pole pole, mpaka chini. Kitako kilikuwa kimevimba kama kitunguu kidogo, kikavu, bila kifuko, bila hata alama ya kifuko. Pete ilikuwa inasogea juu na chini shinani kama pete kwenye kidole kilichokonda. Uyoga mwingine unaoliwa, Macrolepiota, una pete ya namna hiyo na magamba ya namna hiyo, na hapo ndipo hata wajuzi huteleza. Lakini vumbi lake ni jeupe. Karatasi yangu ilikuwa ya kijani. Nikawapigia tena kituoni.

"Mimi nilimwambia huo hatuli," bibi akasema. "Unaota kwenye kinyesi cha ng'ombe. Ni mchafu."

Hili limenikaa kichwani kuliko vumbi lenyewe. Hoja ya bibi ina kasoro: kuna uyoga mzuri unaoota kwenye mbolea, na kinyesi hakiutii uyoga sumu. Hoja ya mkwe wake ilikuwa bora kwa kila kipimo, alitaja pete, rangi, ukubwa, msimu, kama alivyofundishwa na mtu anayejua. Bibi alipatia kwa sababu alikuwa anasema habari za zizi lile, na mkwe alikosea kwa sababu alikuwa anasema habari za Chunya. Katika nyumba yenye mama mkwe na mke wa mwana, neno "hatuli" husikika mara nyingi, na mama alilihesabu pamoja na mengine yote aliyowahi kuambiwa kuhusu mboga za kwao.

Kituoni tulikubaliana wagonjwa wasiondoke siku hiyo, japo watoto walishaanza kuomba uji. Kijani cha karatasi kilinipa uhakika kuhusu kichwa kimoja na yale maganda, lakini hakikunipa uhakika kuhusu kila tonge. Walihamishiwa hospitali kubwa kwa ajili ya kipimo cha ini, kikarudiwa siku iliyofuata, na vyote viwili vilikuwa salama. Siku ya tatu walikuwa nyumbani. Baba alisamehe uyoga na akaendelea kuulaumu ulanzi, lakini kilabuni alirudi.

Watu walikuja na mengi wiki ile. Kwamba wangetia kitunguu saumu, kingebadilika rangi. Kwamba wangeangalia kama konokono ameula. Konokono hula uyoga unaomuua mtu na hapati neno, na kitunguu hubadilika rangi kwa mambo yake chenyewe. Mmoja alisema wangempa kuku kwanza. Nikamuuliza angemsubiri kuku huyo kwa siku ngapi, maana ule wa ini humwacha hata mtu anatembea siku mbili, akaona ni nyingi kwa mboga ya jioni.

Mama hajaacha uyoga, na sikumwambia aache. Aliniomba nimfundishe ule wa sponji, nikamwonyesha chini ya misindano. Naye akanieleza wa kwao, kwa urefu, akiuchora kwa kijiti mchangani pamoja na mti wake.

Wiki tatu baadaye nilipita tena zizini. Nyuzi za kuvu zilizoko ardhini hazijui kwamba kuna mtu alilazwa. Upinde ulikuwa umetoa vichwa vipya, hapo hapo. Watoto walikuwa wamevipiga mateke vyote isipokuwa kimoja, ambacho kilikuwa kimefunikwa na ungo mbovu, na jiwe juu yake.

"Hicho ni chako, mwalimu," bibi akasema. "Kawaonyeshe wanafunzi wako ile rangi."